Kuendesha gari kwenye barafu na theluji: maswali mnayoniuliza kila siku

Toka nimerudi Moshi haiishi wiki bila simu ya aina hii. Mara mtoto wa jirani kapata kazi ya kulea wazee Ujerumani, mara shemeji anaenda Kanada, mara kijana aliyekuwa anapeleka wageni mbugani kapata mkataba wa udereva Ulaya, na wote wanauliza kitu kilekile, dada huko kwenye barafu mlikuwa mnaendeshaje? Mimi nilikaa Umeå, kaskazini mwa Uswidi, misimu minne ya baridi. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, yani unapewa gari ndogo unazunguka nyumba moja baada ya nyingine, unaanza saa kumi na mbili asubuhi giza totoro, na huwezi kusema leo siendi sababu kuna mtu kitandani anasubiri dawa na chai. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia, soma hata kama safari yako bado, na kama husafiri ila umeagiza gari Japani nenda moja kwa moja swali la 8 na la 18, yanakuhusu.

## Mambo ya mwanzo

1. Nimezoea tope la masika, njia za Kibosho na Uru nazipita bila shida. Barafu si ni hivyo hivyo?

Nusu ndiyo. Yale tope limekufundisha, kwamba ukikanyaga mafuta kwa pupa tairi zinazunguka bure, kwamba usukani unaukata taratibu, kwamba mteremko unaushuka na gia, yote hayo yatakufaa sana na utakuwa mbele ya mtu aliyejifunzia kwenye lami tu.

Sasa sikiliza nusu ya pili. Tope linakukamata. Ukiachia mafuta kwenye tope gari inapungua mwendo yenyewe, saa nyingine inasimama kabisa, na shida yako inakuwa jinsi ya kutoka. Barafu haikukamati. Unaachia mafuta na gari inaenda tu, unakanyaga breki na gari inaenda tu, kimya kimya, hakuna hata mlio wa tairi wa kukushtua. Ndo maana watu wa kwetu wenye mikono mizuri ndo nawahofia zaidi, mana wanajiamini kwa kitu ambacho huko hakipo.

2. Theluji na barafu ni kitu kimoja? Ipi inateleza zaidi?

Theluji ni ile nyeupe laini inayoanguka, ikiwa mpya na bado haijakanyagwa tairi nzuri zinaikamata vizuri tu. Ikipitiwa na magari inashindiliwa inakuwa ngumu kama sakafu, hapo inaanza kuteleza. Barafu ni maji yaliyoganda, na hiyo ndo mbaya kuliko zote.

Kitu ambacho watu hawakitegemei ni kwamba baridi kali sana sio siku ya hatari zaidi. Siku ya hasi 20 barafu inakuwa kavu, tairi zinashika kidogo. Siku ya nyuzi sifuri, inayeyuka mchana inaganda jioni, juu ya barafu kunakuwa na utando mwembamba wa maji na hapo ni kama umemwaga mafuta ya kula kwenye vigae. Wenyeji wa Umeå Januari wanaendesha wametulia, ikifika Novemba na Machi ndo unawaona wanakaza mikono.

3. Kwenye barafu gari inachukua umbali gani kusimama?

Chukua spidi 50, lami kavu, tairi nzuri. Toka breki zimeshika mpaka gari kusimama ni kama mita 15. Spidi hiyo hiyo kwenye barafu laini ni kama mita 100, uwanja wa mpira toka goli mpaka goli. Na hapo sijahesabu ule muda wa wewe kushtuka na kuhamisha mguu. Ukishuka mpaka spidi 30 inakuwa kama mita 35, kwa hiyo kupunguza spidi 20 tu kumekupunguzia mita 65. Hakuna tairi wala gari ya bei mbaya inayokupa zawadi kubwa hivo.

Ndo maana kuachiana nafasi ni suala la uhai. Huku tunaambiwa hesabu sekunde tatu kati yako na wa mbele, kwenye barafu hesabu moja mpaka kumi bila haraka. Mtu akikuovateki akaingia kwenye hiyo nafasi yako mwachie, punguza, anza kuhesabu upya.

4. Hapa kwetu barafu barabarani ipo?

Barabara za kawaida hapana. Barafu yetu iko juu Kibo, mita 5,895, na gari haifiki huko. Njia ya magari ya Londorosi kwenda uwanda wa Shira inapita mita 3,500 na huko usiku kunaganda kweli, asubuhi unakuta majani meupe na vidimbwi vimeshika ganda la barafu, ila wanaopita huko na gari ni wachache na wanajua wanachofanya.

Kinachoweza kukukuta wewe wa kawaida ni mvua ya mawe. Yakimwagika mengi kwa mkupuo barabara inakuwa imetandazwa gololi, na kanuni zote za barafu zinatumika palepale, ondoa mguu kwenye mafuta, usikate kona, usipige breki za ghafla, tafuta pa kujisogeza.

## Tairi

5. Tairi za baridi zina nini cha tofauti? Si mpira ule ule?

Mpira wenyewe ni tofauti. Tairi la kawaida likishuka chini ya nyuzi 7 linaanza kukakamaa kama kandambili iliyolala nje, halishiki tena lami hata kama barabara ni kavu. La baridi limechanganywa libaki laini hata hasi 30. Alafu kashata zake zimechanwachanwa mistari midogo midogo mingi ambayo inafunguka na kung'ata theluji.

Utalijua kwa alama ubavuni, mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Mtu wa Moshi huwezi kuusahau, sisi mlima wetu una Shira, Kibo na Mawenzi, vitatu vile vile. Usidanganywe na herufi M+S peke yake, hizo zinawekwa hata kwenye tairi ambazo hazijapimwa kwenye theluji.

Na upepo pima mara kwa mara. Baridi ikishuka upepo nao unashuka, karibu psi 1 kwa kila nyuzi 6, kwa hiyo tairi uliyojaza gereji yenye joto ukitoka nje hasi 20 imeshapungua bila pancha yoyote.

6. Ni lazima kisheria au ni hiari?

Inategemea nchi. Uswidi ni lazima kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 31 Machi barabara zikiwa na hali ya baridi, na kashata zisipungue milimita 3. Ufini ni 1 Novemba mpaka 31 Machi kwa mtindo huo huo wa kuangalia hali. Ujerumani hawana tarehe kabisa, wanaangalia barabara, ikiwa na theluji au barafu na wewe huna tairi zake ni faini, na toka Oktoba 2024 wanakubali zile zenye alama ya mlima tu. Kanada kila jimbo lina yake, Quebec ni lazima 1 Desemba mpaka 15 Machi, British Columbia inaanza 1 Oktoba kwa barabara nyingi za milimani, Ontario hawalazimishi.

Ushauri wangu, usisubiri tarehe. Ukiona wenyeji wanapanga foleni kwenye magereji Oktoba, na wewe panga.

7. Nimesikia kuna tairi zenye misumari, ni kweli?

Kweli kabisa. Ni vijino vya chuma vinavyochomoza kidogo sana, ukitembea kwenye lami kavu unavisikia vinalia. Kwenye barafu tupu ya nyuzi sifuri hakuna kinachovishinda. Uswidi, Norwe na Ufini zinaruhusiwa kwa msimu, kule Umeå karibu kila mtu anazo, ila Stockholm kuna mitaa imezikataza sababu zinachimba lami na kutoa vumbi. Ujerumani na Polandi hazitakiwi. Kwa hiyo usije ukanunua gari Uswidi ukaiendesha mpaka Berlin na misumari yako.

8. Gari yangu imekuja toka Japani na tairi zimeandikwa STUDLESS. Nizitumie tu hapa Arusha?

Hili naulizwa kuliko yote na nataka mnielewe vizuri. STUDLESS maana yake ni tairi la baridi lisilo na misumari. Japani walipiga vita misumari kwa sheria ya 1990 kwa ajili ya vumbi, wakahamia kwenye hizi. Ni tairi nzuri mno, kule Sapporo kwenye theluji.

Hapa kwetu lami ya saa nane mchana inaunguza. Mpira laini juu ya lami ya moto unalegea, kashata zinayumba, gari inakuwa kama inaelea ukikata kona kwa kasi, na breki ya ghafla inachukua umbali mrefu zaidi kuliko tairi la kawaida. Mvua kubwa ikinyesha maji yakasimama ni mbaya zaidi. Na zinaisha haraka, ndo maana unamsikia mtu analalamika gari imekuja na tairi mpya na miezi michache zimekuwa vipara.

Watu wanaona kashata nene wanafurahi. Angalia pia umri, ubavuni kuna namba nne, mfano 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Kama una safari za Arusha kwenda Dodoma au Dar na watoto wako nyuma, tafuta pesa ubadilishe. Kama huna kwa sasa, basi endesha taratibu, usipakie lodi kubwa, na usikimbie mchana wa jua kali. Najua pesa ya tairi nne inauma, lakini sikuambii kitu ambacho singemwambia mdogo wangu.

9. Nikiwa na fowili nina haja ya tairi za baridi?

Unazo haja. Fowili inakusaidia kuondoka na kupanda, kwenye kusimama magari yote yana matairi manne tu na yote yana breki. Tena fowili inadanganya, inaondoka kwa urahisi mpaka unasahau chini kuna nini. Magari makubwa niliyokuwa nayaona yametumbukia pembeni mwa barabara ya E4 asubuhi baada ya theluji, mengi yalikuwa ni haya.

## Ukiwa njiani

10. Naondokaje bila tairi kuzunguka bure?

Taratibu mno. Manyuo ondoka na gia ya pili ukiachia klachi pole pole, otomatiki nyingi zina kitufe chenye alama ya theluji, kibonyeze. Tairi likianza kuzunguka achia mafuta mara moja, ukiendelea kukanyaga unalipolisha barafu na unazidi kujichimbia. Weka kitambaa cha sakafu cha gari mbele ya tairi linalovuta, au mchanga, tulikuwa tunabeba mfuko mdogo kwenye buti.

Na viatu. Hili hawaliandiki popote. Mabuti ya baridi ni mapana, nilishakanyaga breki na mafuta kwa pamoja bila kujua. Baada ya hapo nikawa naacha raba nyembamba ndani ya gari nabadilisha kabla sijawasha.

11. Breki napigaje? Ile ya kupampu bado ipo?

Kama gari ina ABS, yani mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, na karibu zote za sasa zinayo, ikibidi kusimama kwa dharura kanyaga kwa nguvu na ushikilie. Pedali itatetemeka na kugonga mguu, itatoa mlio wa kukwaruza, usiachie, hiyo ndo inafanya kazi. ABS haifupishi umbali kwenye barafu, inachokupa ni uwezo wa kukata usukani huku umekanyaga. Gari ya zamani isiyo na ABS ndo unapampu.

Lakini breki nzuri ya barafu ni ile inayoanza mbali. Mimi taa nyekundu nikiiona mita 200 mbele nilikuwa nimeshaachia mafuta. Na kila asubuhi nikitoka kwenye maegesho, mtaa ukiwa mtupu, nagusa breki kidogo kwa mwendo mdogo kuonja barabara ya siku hiyo ikoje. Fanya hivyo kila siku, haikuchukui hata sekunde tano.

Ile ya kuweka spidi ijiendeshe yenyewe izime kabisa, usiiguse mpaka majira ya kuchipua.

12. Gari imeshaanza kuserereka. Nifanye nini?

Kwanza ondoa mguu kwenye mafuta. Halafu inategemea ni mbele au nyuma.

Mbele ndo kunakotokea mara nyingi. Umekata kona, gari haigeuki, inaenda moja kwa moja. Mwili wote utakuambia ongeza kukata usukani, na ni kosa, tairi zikikaa upande upande zinasukuma tu. Rudisha usukani kidogo, subiri tairi zishike, zikishika ndo ukate tena taratibu.

Nyuma ni pale mkia unapotaka kukupita. Elekeza usukani upande ule mkia unakokwenda, mkia ukienda kulia kata kulia, kidogo tu, na uwe tayari kurudisha maana mara nyingi unarudi na kupiga upande wa pili. Manyuo kanyaga klachi.

Na macho. Angalia unakotaka kwenda, sio nguzo unayoiogopa. Mikono inafuata macho, hili nimelithibitisha mwenyewe. Msimu wangu wa pili, mwezi wa kumi na moja, natoka darajani naingia mzunguko, gari ikaamua kwenda na njia yake na mimi nikayatoa macho kwenye kibao cha barabarani nikakiangalia mpaka nikakifuata. Nilisimama kwenye rundo la theluji pembeni ya kibao, sikuumia, gari haikuumia, lakini miguu ilitetemeka mpaka nyumba ya mzee wa tatu.

13. Barafu isiyoonekana ndo ipi hiyo?

Ni utando mwembamba wa barafu safi juu ya lami, mwembamba mpaka unaiona lami yenyewe chini yake. Unadhani barabara imelowa tu. Wazungu wanaiita barafu nyeusi lakini rangi haina, weusi ni wa lami.

Inapenda madaraja kwanza, sababu daraja linapigwa na baridi juu na chini, barabara ya ardhini ina joto kidogo la udongo. Chukulia Kikafu, ule mteremko, kona, kisha daraja, ingekuwa huko ingekuwa imeganda wakati kabla na baada yake pamelowa tu. Inapenda pia vivuli vya miti, kando ya mito, na alfajiri. Dalili zake: barabara inang'aa lakini gari ya mbele hairushi maji, mlio wa tairi umepotea ghafla, usukani umekuwa mwepesi. Kipima joto cha gari kikisoma kati ya 3 na hasi 3 washa akili, mana kinapima hewa, barabara inaweza kuwa imeganda tayari. Ukishaingia juu yake usifanye kitu chochote cha ghafla, nyoosha usukani, mguu nje ya mafuta, ipite.

14. Vilima na miteremko je?

Aliyeshuka kreta ya Ngorongoro kwa njia ya Seneto ameshajua nusu ya jibu, gia ndogo kabla hujaanza kushuka, injini ikushikilie. Tofauti ni kwamba kwenye barafu hata injini ikishika kwa nguvu inaweza kufunga tairi zinazovuta, kwa hiyo kubadilisha gia nako ni kwa upole.

Kupanda, chukua mwendo chini kabla ya kilima na uulinde mpaka juu. Ukimuona mtu kakwama katikati usimfuate, subiri chini mpaka atoke. Ukisimama katikati ya kilima cha barafu kuondoka tena ni bahati, na gari inaweza kuanza kurudi nyuma hata umefunga breki zote.

15. Giza na wanyama, ni kweli kuna hatari?

Umeå mwezi Desemba jua linatoka asubuhi limechelewa na saa nane mchana linazama. Kwa hiyo karibu safari zako zote ni za usiku. Theluji ikiwa inaanguka usiwashe fuli, taa inarudi machoni, tumia taa za chini.

Mnyama wa kuogopa ni yule mkubwa wa jamii ya kulungu wanayemuita älg. Dume linapita kilo 400 na lina miguu mirefu sana, gari inampiga miguu na mwili mzima unaingia kioo cha mbele. Wanavuka zaidi alfajiri na jioni. Fikiria pale Kwakuchinja pundamilia wanapovuka, halafu ongeza giza na barafu. Ukiona mmoja punguza, mara nyingi nyuma yake kuna ndama. Kaskazini zaidi wapo pia kulungu wa kufugwa, wanaitwa ren, na ukiona mfuko mweusi wa plastiki umefungwa kwenye nguzo pembeni ya barabara ni madereva wanaambiana kundi liko karibu.

Gari la kusukuma theluji likiwa mbele yako, usiliovateki. Barabara nzuri iko nyuma yake, mbele yake ndo kubaya.

## Gari yenyewe

16. Asubuhi nimekuta gari imeganda yote. Nianzie wapi?

Amka nusu saa mapema, hilo la kwanza. Fagia theluji yote, na paa pia, ukiacha la paani siku utakayopiga breki litateremka lote kwenye kioo cha mbele. Vioo kwangua na kikwanguo cha plastiki. Usimwage maji ya moto, kioo kinapasuka, nimemuona mtu akifanya na kikapasuka. Na usiendeshe kwa kuchungulia kwenye kitundu cha ukubwa wa sahani, wapita njia nao wamevaa nguo nyeusi gizani.

Hendibreki usiivute usiku wa baridi kali, nyaya zinaganda na asubuhi tairi hazizunguki. Paki sehemu tambarare, weka gia au P. Betri nayo baridi inaitafuna, kwenye hasi 18 inabaki na kama nusu ya nguvu yake, kwa hiyo betri iliyochoka ambayo hapa Arusha ingekuvusha mwaka mzima huko itakufia wiki ya kwanza. Umeå maegesho mengi yana nguzo za umeme, unachomeka hita ya injini kama unavyochaji simu, masaa mawili kabla ya safari, gari inawaka kama ya Dar.

17. Kwenye rejeta si naweka maji tu?

Hapana jamani. Maji yakiganda yanatanuka na yanapasua injini. Weka kulanti, nusu kwa nusu na maji haigandi mpaka karibu hasi 37. Na maji ya waipa yawe yale maalumu ya msimu wa baridi, ya bomba yanaganda kwenye kioo unapoyarusha. Wenye dizeli, jazeni vituo vya huko huko, wanauza dizeli ya baridi, ya kawaida inaganda kama samli na kuziba chujio.

18. Chumvi wanayomwaga barabarani inaharibu gari?

Inaharibu, na hili linawagusa hata ambao hamjawahi kuiona theluji. Chumvi inayeyusha barafu mpaka karibu hasi 10, chini ya hapo wanamwaga changarawe. Ile chumvi na maji vinaruka chini ya gari na kula chuma miaka na miaka, mabomba ya breki, mikono ya saspensheni, chesesi.

Sasa magari mengi tunayoagiza yametoka Japani, na yaliyotembea Hokkaido au mikoa ya theluji yanakuja yamepigwa rangi nyeusi chini yanang'aa. Kabla hujatuma pesa omba karatasi ya mnada, kwenye mchoro wa gari herufi S ni kutu na C ni kutu iliyokula. Omba picha za chini. Gari ikishafika Moshi, kabla ya kumalizana mpe fundi aingie chini na bisibisi agonge chesesi, hasa kwenye Hiace na Land Cruiser. Na tairi za STUDLESS zenyewe ni dokezo la gari ilikotoka.

## Mazingira yasiyo ya kawaida

19. Nikikwama njiani kwenye dhoruba ya theluji nifanyeje?

Baki ndani ya gari. Ukitoka kutafuta msaada huoni mita tano, na watu wamekufa hatua chache toka kwenye magari yao. Piga simu ya dharura, Ulaya ni 112, Kanada 911. Washa taa za hazadi.

Ukitaka kuwasha injini upate joto, kwanza shuka ufukue theluji kwenye ekzosi, na rudia kila baada ya muda. Ekzosi ikizibwa moshi unarudi ndani, na ule moshi unaoua hauna harufu. Ni ule ule wa jiko la mkaa unaoua watu huku kwetu mwezi wa saba wakilala nalo chumbani. Washa dakika kumi, zima, fungua dirisha upande usio na upepo. Kwenye buti siku zote kuwe na blanketi, koleo, tochi, waya wa kujampu, maji, karanga. Simu iwe na chaji, usitoke nyumbani na asilimia 15.

20. Leseni yangu ya Tanzania itatumika?

Kwa muda. Uswidi mwaka mmoja toka uandikishwe kama mkazi, Ujerumani miezi 6, Kanada kila jimbo lina muda wake. Baada ya hapo unafanya mtihani wao. Uswidi ndani yake kuna siku ya lazima kwenye uwanja wa utelezi, unaserereshwa makusudi ukiwa na mwalimu. Ni ghali ila ni pesa niliyoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote, kama una nafasi nenda mapema hata kabla ya mtihani.

Kumbuka pia huko ni mkono wa kulia. Wiki ya kwanza weka karatasi kwenye dashibodi imeandikwa KULIA. Waswidi wenyewe walikuwa wanaendesha kushoto kama sisi mpaka tarehe 3 Septemba 1967 walipohama nchi nzima siku moja.

21. Ni kweli watu wanaendesha gari juu ya ziwa?

Kweli, na sio kwa kubahatisha, ni barabara rasmi zinazopimwa unene kila siku. Kaskazini mwa Kanada kuna inayoanzia Tibbitt kwenda Contwoyto, inahudumia migodi ya almasi, malori yaliyobeba yanatembea spidi 25. Sababu ni kwamba uzito wa lori unabonyeza barafu na kutengeneza wimbi la maji chini yake, ukikimbia wimbi linajikusanya na kupasua barafu mbele.

Estonia kuna za baharini kwenda visiwani majira yakiwa makali. Kule wanakuambia uende chini ya 25 au kati ya 40 na 70, ile ya katikati usikae sababu ya hilo hilo wimbi, uachie mita 250 toka gari ya mbele, usisimame, na mkanda usifunge, ili ikitokea umezama utoke haraka. Ndo sehemu pekee niliyosikia mkanda unakatazwa. Kama barabara ya barafu haina vibao wala mlinzi mwanzoni, geuza gari hata kama kuna alama za matairi ya waliopita jana.